Upunguzaji wa Wafanyakazi na Mgomo Katika Viwanda vya Msimu vya Uwanda wa Kati

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 iliweka utaratibu wa mambo mawili ambayo huandamana kila uchumi unapodorora, yaani upunguzaji wa wafanyakazi na mgomo. Lakini ikisomwa Dodoma au Singida, ambako viwanda vingi hutegemea mavuno, huonekana wazi kwamba ilitungwa kwa kumfikiria mfanyakazi aliye kazini mwaka mzima, na katika uwanda wa kati si wengi wanaofanana naye.

Upunguzaji ni kuachisha kazi kwa sababu za uendeshaji wa kiwanda na si kwa kosa la mfanyakazi: soko limeanguka, mashine mpya imechukua nafasi ya watu, au malighafi imekosekana. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe notisi mara tu anapolifikiria jambo hilo, aweke wazi taarifa zinazohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, kama vile TUICO, kuhusu sababu zenyewe, njia za kuepusha au kupunguza hatua hiyo, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, na malipo yao. Kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Kwa hiyo mfanyakazi wa siku sita kwa wiki, ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 260,000 kwa mwezi, sawa na takriban 10,000 kwa siku, akipunguzwa baada ya miaka 12 hupata kama 700,000, kiasi kile kile ambacho angepata kwa miaka 10. Ni haba, lakini ni haki inayoweza kudaiwa.

Mgomo nao una masharti yake. Tangu sheria ya migogoro ya kazi ya 1962, mgomo halali ulikuwa karibu hauwezekani, na wimbi la migomo lililovikumba viwanda vya Dar es Salaam baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971 lilipita nje ya sheria. Sheria ya 2004 inaruhusu mgomo katika mgogoro wa maslahi, kwa mfano madai ya nyongeza ya mshahara, baada ya usuluhishi wa siku 30 mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kushindikana, wengi kuunga mkono kwa kura, na notisi ya saa 48 kutolewa. Mwajiri naye haruhusiwi kuajiri watu wengine kuziba nafasi za waliogoma kihalali. Hata hivyo, wakati wa mdororo silaha hii huwa butu, kwa kuwa mwenye ghala lililojaa bidhaa zisizonunuliwa hapotezi kitu mashine zikisimama.

Katika uwanda wa kati, mvua hunyesha msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, alizeti huvunwa baadaye, na viwanda vya kukamua mafuta hufanya kazi mpaka mbegu ziishe. Vibarua hushusha magunia, hulisha mashine, huchuja mafuta na kufunga mashudu, kisha huondoka. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na wasindikaji wa mchuzi wa zabibu huhitaji mikono mingi kwa wiki chache tu. Mafuta ya bei nafuu kutoka nje yakijaa sokoni, au matangi ya mvinyo yakiwa bado na mzigo wa msimu uliopita, hakuna notisi inayobandikwa wala kikao kinachoitishwa: mtu haitwi tu. Asiyeitwa hana kazi ya kugomea, hana kadi ya chama, na kwa kuwa kiinua mgongo hudai miezi 12 mfululizo, hana cha kulipwa. Ndiyo maana mdororo unaweza kuwakumba mamia bila takwimu yoyote ya upunguzaji kubadilika, na hilo ni dhuluma hata kama hakuna aliyevunja sheria.

Upo mwanya, ingawa ni mwembamba. Kifungu cha 35, kama kilivyotungwa 2004, kinamnyima kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri yule yule, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Maneno hayo ya mwisho yanatoa hoja kwamba misimu mitatu ya miezi mitatu mitatu yaweza kujumlishwa. Kifungu cha 36 nacho kinahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mkataba wa muda maalumu usipohuishwa ilhali mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba ungehuishwa. Mkataba wa maandishi usipoletwa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira humwangukia mwajiri, na ujumbe wa malipo ya simu waweza kuwa ushahidi. Kikwazo kikubwa ni muda, kwa sababu shauri hufikishwa kwa Tume ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na kwa ambaye hakuitwa hakuna barua yenye tarehe ya kuanzia kuhesabu. Hubaki kuiomba Tume, kwa sababu za msingi, ilipokee shauri lililochelewa.