Mashine Zinachuniana Gheto Moja

Wanangu wa Katesh, Dongobesh, Haydom na Mbulu mjini, hii ishu inatuhusu. Steshenari ina mashine mbili na printa moja. Ya mbele inapokea kazi za wateja, ya nyuma ndiyo yenye printa. Zote zinakula waifai ya rauta moja, zote zinafungua YouTube fresh, ila ukizama sehemu ya mtandao uicheki ya pili, patupu. Zinachuniana. Dogo wa kaunta anabaki kukimbizana na flashi: chomeka huku, chomoa, chomeka kule, na kila flashi ya mteja inaacha virusi vyake humo humo.

Hapo kuna mkwanja unapotea. Ukituma kazi ya mteja kwa WhatsApp kutoka mashine hii kwenda ile ya pembeni, bando linaliwa kupandisha, halafu linaliwa tena kushusha. Faili likipita ndani kwa ndani, rauta inalibeba bure. Haligusi hata emibii moja, na bando likikata kazi inasonga. Huku kwetu mtu anangoja mnada, au auze vitunguu saumu kwanza, ndipo aweke bando la wiki, kwa hiyo si kitu cha kuchukulia poa. Gheto nalo linafaidi: muvi zikikaa kwenye mashine moja kila mshikaji anaangalia kwake, na Counter-Strike ya kitambo mnakiwasha usiku kucha bila intaneti kabisa.

Tuchimbe sasa. Mashine mbili kupata intaneti haina maana kwamba zinaonana. Njia ya kutoka nje ni nyingine, njia ya kwenda kwa jirani ni nyingine. Anza na anwani. Fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, andika ipconfig, piga Enter, fanya hivyo kwenye kila mashine. Ukikuta moja ni 192.168.1.5 na nyingine 192.168.1.8, kwa rauta za majumbani hizo zipo mtaa mmoja. Moja ikianza na 192.168.1 na nyingine 192.168.43, umeshaikamata: moja ipo kwenye rauta, nyingine imedaka hotspoti ya simu ya mtu. Ukisoma 169.254, mashine haijapewa anwani na rauta, imejitungia yenyewe. Kagua kebo, au zima waifai uiwashe upya. Halafu kuna rauta zenye mtandao wa wageni. Huo umetengenezwa makusudi watu wapate intaneti bila kuonana, kwa hiyo ukiunga mashine za kazi humo utahangaika mpaka jioni. Rauta nyingine zina sehemu ya kutenganisha vifaa vyote vya waifai, nayo ikiwashwa matokeo ni yale yale.

Anwani zikikaa sawa, gusa kitu ambacho mimi naamini ndicho kinaliza wengi. Kila mtandao unaounga, Windows inauweka kwenye kundi la Public au la Private. Mtu akiingia mnadani Katesh anafunga zipu ya mfuko. Mashine iliyo Public inafanya vivyo hivyo, inajificha isionekane na yeyote. Kwenye waifai ya stendi hiyo ni akili. Ndani ya ofisi yako mwenyewe inakuzibia riziki. Bonyeza jina la waifai, ingia kwenye sifa zake, weka Private, kwenye mashine zote mbili. Kisha kwenye mipangilio ya kushea, washa mashine kutambuana na washa kushea mafaili na printa. Wengi mtamalizia hapo.

Kuna mtego kwenye pingi, ile amri ya kujaribu kama mashine nyingine inajibu. Unapingi mashine ya pili, haijibu, unaamua mtandao umekufa. Kumbe faiwoli ya Windows mara nyingi inazuia pingi hata njia ikiwa nzima. Wala usizime faiwoli yote kwa hasira. Ukizima kwa majaribio, washa tena dakika hiyo hiyo.

Sasa hii ya chini ndiyo naipenda zaidi, maana inaeleza kwa nini mashine zilizokuwa zinaonana miaka ile leo hazijuani. Zamani Windows ilikuwa inatengeneza ile orodha ya majirani kwa lugha ya kale, SMB ya kwanza. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu la lugha hiyo, kikafunga mafaili duniani kote na kudai fidia ya Bitcoin. Hospitali za umma Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Mtu wa Haydom, mji unaoishi na hospitali ya Kilutheri tangu 1955, hahitaji kuelezwa uzito wa hilo. Mwaka huo huo Windows 10 mpya zikaanza kuja bila SMB ya kwanza. Mwaka 2018 HomeGroup nayo ikaondolewa, ile njia rahisi ya kushea iliyokuja na Windows 7. Kwa hiyo mtu akikushauri urudishe SMB ya kwanza ili orodha ijae, kataa. Kama bado una mashine ya Windows XP, hiyo haijui lugha nyingine. Itoe kwenye mtandao. Windows 7 inaijua SMB ya pili, haina sababu ya kukurudisha nyuma, japo nayo ilishaacha kupata marekebisho ya usalama.

Halafu orodha kuwa tupu si mwisho wa mchezo. Andika mwenyewe kwenye ule mstari wa juu wa folda: \\192.168.1.8. Mara nyingi folda zinafunguka hapo hapo, maana njia ilikuwepo, kilichokosekana ni tangazo tu. Ukitaka na tangazo lirudi, ingia kwenye huduma za Windows, tafuta Function Discovery Resource Publication, iweke ijiwashe yenyewe.

Ikikuomba jina na paswedi, usiweke ile namba fupi unayofungulia mashine asubuhi. Hiyo PIN inafanya kazi kwenye mashine yake tu, haipiti kwenye mtandao. Na ile tabia ya kushea bila paswedi inakufa: Windows 11 Pro ya toleo la 24H2, la mwaka 2024, inakataa kuingia kama mgeni. Fungua akaunti moja ndogo kwenye mashine yenye printa, ipe paswedi ya maana, mashine ya mbele iingie kwa hiyo. Mchongo wa dakika chache.

Zikishaonana, zitumie kwa jambo la maana. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang, likaingia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Siwezi kulinganisha mafaili na uhai wa mtu. Lakini walionusurika walihitaji vyeti na nyaraka zao, na nyingi ya kazi hizo hupita kwenye steshenari. Kila jioni nakili folda ya kazi kutoka mashine moja kwenda nyingine, na mara moja kwa wiki iweke kwenye diski ya nje ikalale nyumba nyingine.

Umeme nao tuuzungumzie. Ukikatika na kurudi, rauta inaweza kugawa anwani upya, na ile 192.168.1.8 uliyoandika kwenye karatasi ikawa ya simu ya mtu. Ingia kwenye rauta, itengee mashine ya printa anwani yake ya kudumu. Zuia pia mashine hiyo isilale, kwa sababu ikilala inapotea kwa wenzake. Mwisho zipe majina yasiyofanana, MBELE na NYUMA yanatosha, kisha uziwashe upya zote mbili.