Boriti za Uchaga Zisiguse Dohani

Ndugu mkulima, ikiwa umejenga jiko la mawe lenye dohani, ama unakusudia kujenga mwaka huu, soma habari hii kabla hujakata boriti.

Katika nchi ya Kwale, tangu Diani na Msambweni hadi Shimba Hills, nyumba nyingi zina uchaga juu ya mafiga, nao Wadigo huuita lutsaga. Mahindi huwekwa humo, na moshi huwafukuza fukusi. Ni desturi njema. Lakini dohani ikipitishwa katikati ya uchaga, mahali palipokuwa na moshi tu sasa pana ukuta wa moto, na juu yake ni makuti.

Kosa kubwa ni la fundi kutoboa dohani na kuingiza vichwa vya boriti ndani yake, kwa kuwa aona mawe yale yana nguvu ya kubeba. Nguvu yanayo. Lakini udongo au saruji hupasuka kwa joto, na ufa mdogo watosha kupitisha cheche. Tena mti unaopashwa joto kila siku hugeuka polepole kuwa kama makaa. Mwaka wa kwanza hauwaki, wa pili hauwaki, kisha siku moja huwaka kwa joto lile lile ulilolizoea. Mwenye nyumba atasema alipika hivyo siku zote, naye hatasema uongo.

Fanya hivi. Chagua boriti mbili nene na nyofu, za mkoko au mvinje uliokomaa, uzilaze kutoka ukuta hadi ukuta, moja kila upande wa dohani. Zikiwa nyembamba, funga mbili mbili. Kisha weka mti wa kukingama mbele ya dohani na mwingine nyuma, vichwa vyake vichongwe na kushikwa na zile boriti. Boriti fupi zilizokatwa ziishie katika miti hiyo. Hivyo dohani itasimama peke yake katika tundu lake, haibebi kitu. Pande zote nne acha nafasi isiyopungua inchi 2. Hiyo ni kwa dohani ya mawe au matofali. Bomba la bati tupu lataka inchi 18, na afadhali lisipite uchagani kabisa.

Viungo vishike kwa misumari na waya. Kamba ya usumba si ya kazi hii. Wala nafasi ile usiizibe kwa makumbi au gunia; pigilia kipande cha bati, mahindi yasidondoke.

Ukichoma vifuu, masizi hujaa upesi. Yafagie.

Jambo moja akina mama wameligundua kabla ya mafundi: moshi ukitoka nje, haufiki tena kwenye mahindi, na wadudu hurudi. Dumuzi, aliyeonekana Taveta mwaka 1983, hutoboa hata miti. Basi anika mahindi mpaka punje ivunjike kwa mlio ukiiuma, ndipo uyapandishe.