Aurangzeb katika mizani ya uadilifu

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, Aurangzeb Alamgir alitawala dola ya Wamughal huko Bara Hindi tangu mwaka 1658 hadi 1707. Wapo wamwitao mcha Mungu, na wapo wamwitao dhalimu. Kaburi lake lipo Khuldabad, nalo ni la kawaida, halina kuba. Lakini Machi 2025 madai ya kutaka liondolewe yalizusha ghasia mjini Nagpur. Kwa kuwa vijana wetu husikia kauli ya upande mmoja tu, tumeona ni wajibu kuyatazama matendo yenyewe.

Akbar, baba wa babu yake, aliifuta jizya mwaka 1564. Aurangzeb akairejesha mwaka 1679. Wanawake, watoto na mafukara walisamehewa, pamoja na waliotumikia dola. Hata hivyo, Wahindu wengi waliiona kuwa mzigo na fedheha. Aidha, mwaka 1669 hekalu la Vishwanath mjini Banaras lilibomolewa, na mwaka uliofuata likafuatia la Keshava Deva huko Mathura.

Lakini mtawala huyo huyo, mwaka 1659, aliwaandikia maofisa wake wa Banaras kwamba Mabrahmani wasibughudhiwe na mahekalu ya kale yasivunjwe. Jemadari wake Jai Singh, aliyemlazimisha Shivaji kutia saini mkataba wa Purandar mwaka 1665, alikuwa Mhindu. Na katika miaka ya mwisho ya utawala wake, Wahindu walikaribia theluthi ya maofisa wakubwa wa dola, idadi iliyozidi ile ya zama za Akbar.

Basi tuseme nini? Tunasema kwamba siasa ya dola ilichanganyika na dini, na kwamba kosa la mfalme ni la mfalme, si la Uislamu. Suratul Baqara, aya ya 256, imekataza kulazimishana katika dini. Na Suratul Maida, aya ya 8, imetuonya kwamba kuwachukia watu kusitutoe katika uadilifu. Nasi twaongeza: hata kumpenda mtu kusitutoe humo. Anayeficha mahekalu yaliyobomolewa na anayeficha farmani ya Banaras, wote wawili wamepunja mizani.

Tuwafundishe watoto wetu historia kamili, ili wasirithi ugomvi wasioujua chanzo chake.

Wallahu aalam.