Mzigo una forodha moja, mwenye mzigo ana sheria tofauti

ABIRIA akipanda basi Kigali, akavuka Gatuna kwenda Kampala, kisha Busia kwenda Nairobi, anaweza kupita nchi tatu kwa kitambulisho cha taifa tu. Mzigo wake nao una utaratibu unaoeleweka chini ya Himaya Moja ya Forodha.

Kwa mfanyabiashara anayependa mtu wa jinsia yake, hesabu ni nyingine. Rwanda haina sheria inayomfanya mhalifu. Akiingia Uganda, sheria ya mwaka 2023 inaweka kifungo cha maisha kwa mapenzi ya jinsia moja, na kifo kwa makosa inayoyaita mazito zaidi. Akifika Kenya, Kanuni ya Adhabu inataja miaka 14. Akielekea Tanzania, ni miaka 30 hadi maisha. Burundi iliharamisha mwaka 2009, kifungo kikifika miaka 2.

Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni upande wa kizuizi.

Katika Umoja wa Mataifa, hoja kwamba haki hazifuati mpaka ina miaka mingi. Mwaka 1994, Kamati ya Haki za Binadamu iliamua shauri la Toonen dhidi ya Australia, ikisema sheria ya jimbo la Tasmania iliyoharamisha mapenzi ya wanaume wazima waliokubaliana ilivunja haki ya faragha. Tasmania iliifuta mwaka 1997.

Wapo wanaosema hili ni jambo la Wazungu. Kumbukumbu za kura zina habari zaidi ya hiyo. Desemba 2010, Baraza Kuu lilipojadili mauaji yanayofanywa bila hukumu ya mahakama, Rwanda iliunga mkono kuwataja wanaouawa kwa sababu ya mwelekeo wao wa kijinsia. Mjumbe wake alikumbusha yaliyoipata nchi yake: kundi linaweza kuangamizwa hata kabla sheria haijalipa jina. Juni 2011, Afrika Kusini iliongoza azimio la kwanza la Baraza la Haki za Binadamu kuhusu suala hili. Lilipita kwa kura 23 dhidi ya 19, na 3 hazikuegemea upande wowote. Uganda ilipiga kura ya kupinga.

Mwaka 2014, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ilizitaka nchi kukomesha ukatili dhidi ya watu hao. Kwa upande mwingine, vifungu vya zamani vya Kenya, Uganda na Tanzania vililetwa na utawala wa Mwingereza.

Serikali zinazopinga zinasema zinalinda familia na mila, na kwamba hazipaswi kuamriwa na wafadhili. Hoja hiyo ina wafuasi wengi sokoni, lakini gharama yake imefika sokoni pia. Agosti 2023, Benki ya Dunia ilisitisha kwa muda mikopo mipya kwa Uganda. Kuanzia Januari 1, 2024, Marekani iliiondoa Uganda katika mpango wa AGOA, na bidhaa zake zikapoteza nafuu ya ushuru.

Hata asiyehusika moja kwa moja aliguswa. Sheria ya Uganda ilimtaka mtu kuripoti anayemshuku, na ilimwadhibu mwenye nyumba aliyeiruhusu itumike kwa mapenzi hayo akijua. Kwa mwenye gesti ya mpakani, maana yake ilikuwa kuwachunguza wateja wake. Aprili 3, 2024, Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu hivyo, lakini ikaacha sehemu kubwa ya sheria, pamoja na adhabu ya kifo.

Kenya, Mahakama ya Juu iliamua Februari 2023, kwa majaji 3 dhidi ya 2, kwamba chama cha watu hao hakiwezi kunyimwa usajili. Kifungu cha miaka 14 bado kipo.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kifungu cha 6, unazitaka nchi wanachama kulinda haki za binadamu kwa mujibu wa Mkataba wa Afrika. Nchi hizo zimeshakubaliana gunia la maharage litozwe ushuru wapi. Mtu anayelisindikiza gunia hilo bado hajui, akivuka daraja, kama atalala gesti au mahabusu.