Kutu kwenye mashine za leza: Si kila mara ni chumvi ya bahari

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

UKITOKA Mwenge ukaifuata Barabara ya Bagamoyo kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga, mabango hayakuachi hadi unaingia mjini Bagamoyo. Kuna majina ya hoteli, maduka ya dawa, saluni na shule za awali. Mengi ya yale yenye herufi zilizokatwa moja moja, zenye kingo zinazong'aa kama kioo, hayakupitiwa na msumeno. Yalikatwa kwa mwale wa leza.

Zamani bango lilikuwa bati lililopakwa rangi kwa brashi, na katika upepo wa mwambao halikukawia kuliwa na kutu. Plastiki hailiwi na kutu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa kwake. Hata hivyo, kutu iliyofukuzwa kwenye bango huweza kuhamia kwenye mashine iliyolikata.

Fundi akiona reli za mashine zimebadilika rangi na lenzi imeingia ukungu, jibu la kwanza la mtu wa pwani hujulikana: chumvi ya bahari. Kwa geti la chuma lililo nje, jibu hilo ni sahihi. Lakini kwa mashine iliyo ndani ya chumba, iliyokaa salama mwaka mzima kisha ikaharibika kwa wiki chache, ni vyema kumtafuta mtuhumiwa mwingine. Mara nyingi mtuhumiwa huyo ni ubao wa plastiki aina ya PVC.

Mashine nyingi za kukatia mabango hutumia leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, iliyobuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel, mwanasayansi mzaliwa wa India, katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwale wake hauonekani kwa macho. Ukikusanywa na lenzi hadi kuwa nukta ndogo, huchoma plastiki na kuigeuza mvuke papo hapo. Kwa hiyo swali ambalo fundi anapaswa kujiuliza kabla ya kubonyeza kitufe ni moja: huo mvuke ni wa nini?

Ubao ukiwa ni wa akriliki, ambayo wengi huijua kwa jina la kibiashara la Perspex, mvuke huo ni wa malighafi ileile iliyotengenezea ubao. Harufu yake inafanana na ile ya saluni zinazobandika kucha za bandia, kwa kuwa kemikali zake ni za ukoo mmoja. Si hewa ya kuvuta kutwa nzima, lakini haili chuma.

PVC ni habari nyingine. Kwa uzito, takriban asilimia 57 ya PVC halisi ni klorini. Joto la leza huivunja na kutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu hugeuka kuwa tindikali ya haidrokloriki. Mwambao wetu hauna uhaba wa unyevu. Tindikali hiyo hutua juu ya reli, skrubu, vioo na lenzi. Unyevu mwingine umo machoni, kooni na ndani ya mapafu ya fundi, na huko pia tindikali hufanya kazi ileile. Kitambaa cha kufunika pua au barakoa ya vumbi haizuii gesi.

Tatizo ni kwamba mbao hizi hufanana. PVC ngumu iliyo angavu huweza kudhaniwa kuwa akriliki, na ile nyeupe yenye povu ndani, inayopendwa kwa wepesi na bei yake, hulala rafu moja na akriliki nyeupe. Ubao mzima wa futi nne kwa nane mara nyingi huja na karatasi au nailoni ya kinga yenye jina la bidhaa. Baada ya kukatwa, kinga hubanduliwa na vipande vya mabaki hurundikwa pembeni bila jina. Kisha mteja naye huja na kipande chake mwenyewe, akiapa kuwa ni akriliki. Kiapo cha mteja si kipimo.

Kipimo kipo, na ni cha zamani. Mwaka 1872 mkemia wa Urusi, Friedrich Beilstein, alionyesha kuwa waya wa shaba ukipashwa moto pamoja na kitu chenye klorini, mwali hugeuka kijani. Fundi anahitaji koleo, kipande cha waya wa shaba na mwali wa bluu wa jiko la gesi. Kazi hii hufanyika nje, mbali na mashine, kwa punje ya plastiki isiyozidi kichwa cha kiberiti, na uso ukiwa upande unakotoka upepo.

Kwanza waya hupashwa wenyewe hadi mwali usionyeshe kijani chochote. Hatua hii hairukwi, hasa huku kwetu. Shaba iliyokaa kwenye hewa ya bahari huweza kuwa na kloridi juu yake. Vilevile waya wa umeme uliochunwa huweza kubaki na masalia ya ganda lake, na ganda hilo kwa kawaida ni PVC. Waya ukishakuwa safi, huguswa kwenye plastiki ungali wa moto, kisha hurudishwa kwenye mwali. Rangi ya kijani ikitokea, ubao huo usiingie kwenye mashine. Anayetaka kujua rangi yenyewe inavyofanana aanze kwa kujaribu kipande cha lile ganda la waya.

Asiyetaka kucheza na moto anaweza kutumia maji ya chumvi, ambayo Bagamoyo yenye mashamba yake ya chumvi haiwezi kuyakosa. Koroga chumvi ndani ya lita moja ya maji hadi isiyeyuke tena. Gramu 360 hivi zitatosha. Tumbukiza kipande kidogo, ukifute viputo vya hewa. Akriliki, ambayo ingezama katika maji matupu, hapa huelea kwa shida. PVC ngumu huzama moja kwa moja. Polikaboneti hubaki katikati, haijui ielekee wapi. Tahadhari moja: PVC ya povu huelea hata katika maji ya kawaida kwa sababu ya hewa iliyomo, hivyo kwake kipimo hiki ni bure na mwali wa shaba ndio wa kuaminiwa.

Polikaboneti yenyewe, ileile ya mapaa angavu ya veranda za hoteli, haina klorini, ila leza huiunguza ikawa ya kahawia na kushika moto kabla haijakatika vizuri. Ni afadhali ikatwe kwa msumeno. ABS huyeyuka na kunata, na moshi wake huweza kuwa na sianidi ya haidrojeni. Nayo ibaki nje.

Kuna wanaodhani feni yenye nguvu ya kufyonza moshi inaruhusu kukata chochote. Feni haiwezi kuiokoa mashine, kwa kuwa gesi hugusa lenzi na reli kabla ya kufika kwenye bomba. Kwa akriliki, hata hivyo, feni ni lazima, na mdomo wa bomba uinuliwe juu ya paa. Bomba lililotobolewa ukutani wakati wa kaskazi huweza kurudishiwa moshi wake wote na kusi. Mabaharia wa Bagamoyo wangelijua hilo bila kuambiwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri asajili sehemu yake ya kazi kwa Wakala wa OSHA na awakinge wafanyakazi wake. Karakana ya watu wawili nayo ni sehemu ya kazi.

Hata akriliki iliyothibitishwa ina masharti yake. Huwaka kwa urahisi, hivyo mashine haiachwi peke yake hata kwa dakika ya kufuata chai. Ile iliyomiminwa katika kalibu huchoreka kwa weupe unaosomeka. Ile iliyosukumwa kwa mashine kiwandani ni rahisi zaidi, lakini mchoro wake hufifia na ukingo hunata. Ukingo uliotoka kukatwa usifutwe kwa spiriti, kwani hupasuka nyufa ndogondogo. Maji na sabuni vinatosha. Na kwa kuwa ubao wa mita 2.4 huweza kurefuka milimita 5 joto likipanda nyuzi 30, matundu ya skrubu yatobolewe makubwa kuliko skrubu zenyewe, la sivyo bango litapasuka juani.