Kutapika wakati wa kemo: kinga huanza kabla ya dripu

Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na dawa inayoambatana na mionzi katika kuitibu mara nyingi ni cisplatin. Inaua seli za saratani, lakini pia inatapisha kuliko karibu dawa nyingine zote za kemo. Ikitolewa kwa dozi kubwa bila kinga yoyote, wagonjwa zaidi ya 90 katika kila 100 hutapika.

Wengi hudhani ni tumbo lililochafuka. Kumbe amri ya kutapika hutoka kwenye ubongo. Kemo huumiza seli fulani za utumbo, nazo humwaga kemikali iitwayo serotonini. Serotonini huuamsha mshipa wa fahamu wa vagasi, na mshipa huo hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo.

Ondansetron, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991, huzuia serotonini isifanye kazi hiyo. Muuguzi humpa mgonjwa dawa hiyo pamoja na nyingine iitwayo deksamethasoni, nusu saa hivi kabla ya cisplatin kuanza kudondoka kwenye mrija. Ikisubiriwa mpaka mgonjwa aombe beseni, kuzima kutapika huwa kazi ngumu.

Siku ya kwanza ikipita salama, bado kuna siku ya pili hadi ya tano. Hapo mgonjwa yuko nyumbani, na kichefuchefu husukumwa zaidi na kemikali nyingine ya ubongo, dutu P, ambayo ondansetron haiigusi. Aprepitant, iliyoanza kutumika mwaka 2003, ilitengenezwa ili kuizuia dutu P, lakini bei yake huwashinda wengi. Olanzapini, dawa ya siku nyingi ya magonjwa ya akili, imekuwa msaada mkubwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa miligramu 10 hupunguza sana kichefuchefu. Wa India uliotolewa mwaka 2024 ukaonyesha kwamba miligramu 2.5 hufanya kazi sawasawa, tena usingizi wake ni mdogo. Mgonjwa akiandikiwa olanzapini asishtuke: hakuna aliyemwona kichaa.

Wapo pia wanaotapika kabla ya kuguswa na sindano, wakisikia tu harufu ya spiriti mlangoni. Hawajidekezi. Ubongo umekariri mateso ya mzunguko wa kemo uliopita, na kinga bora ni kuhakikisha mzunguko wa kwanza kabisa unapita vizuri.

Nyumbani, uji mwepesi au ndizi kidogo kidogo kila baada ya saa mbili tatu hukaa tumboni kuliko sahani moja iliyojaa. Chakula kilichopoa hakina harufu kali, na anayekaanga vitunguu afanye hivyo mbali na mgonjwa. Tangawizi haikatazwi, ila haishiki nafasi ya vidonge. Ondansetron hufunga choo, na choo kikifunga nacho huleta kichefuchefu. Maji na matunda yasikosekane.

Mgonjwa arudishwe hospitali haraka akishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, akikojoa kidogo sana, akitapika damu au akipata homa ya nyuzi 38. Na kabla ya kuondoka kliniki baada ya dripu, ndugu anayemsindikiza aulize swali moja: vidonge vya siku ya pili, ya tatu na ya nne viko wapi?