"Baba, nataka kusomea historia ya sanaa"

UKISAFIRI kwa matatu kutoka Thika kuelekea Garissa, ukaipita Matuu na jua likaanza kukukumbusha kwamba sasa uko Ukambani, utafika Kithyoko, katika eneo la Masinga, Kaunti ya Machakos. Ni soko la kando ya barabara kuu, mahali ambapo wasafiri hunyoosha miguu kabla ya kuendelea na safari ya kwenda Mwingi.

Hebu tuseme wewe ni mzazi katika soko hilo. Una kibanda chako cha ndengu na maembe, na binti yako amefaulu mtihani wa kidato cha nne. Majirani wameshakuja kukupa pongezi. Huyu anamwita daktari, yule anamwita wakili. Jioni, baada ya chakula, binti anakaa kando yako na kusema kwa sauti ya chini: "Nau, nataka kwenda chuo kikuu kusomea historia ya sanaa."

Unaweka kikombe cha chai chini. "Sanaa? Ya kuchonga twiga? Hiyo si watu wa Wamunyu wanaifanya bila kwenda chuo chochote?"

Msomaji, usimcheke mzazi huyu. Swali lake ni la haki. Karo ni pesa, na pesa hizo huenda zikatoka kwa mbuzi wa mwisho zizini. Lakini bila kujua, mzee huyu amegusa jambo lenyewe ambalo binti yake anataka kulisomea. Twiga wa Wamunyu ana historia, na historia hiyo haijui kila mtu anayemuuza wala kila mtu anayemnunua.

Twiga ana umri gani?

Mtalii anayemnunua twiga wa mti katika duka la Nairobi au Mombasa huenda akadhani amebeba kitu cha kale, kilichorithiwa na Wakamba tangu enzi za mababu. Sivyo. Ni kweli kwamba Wakamba walichonga tangu zamani vigoda, miiko na vyombo vya nyumbani. Vinyago vya kuuza ni jambo la juzi. Vilianzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vita vya mwaka wa 1914 hadi 1918. Huko aliwaona wachongaji wa pwani wakifanya kazi, akajifunza, na aliporudi nyumbani akaendelea kuchonga na kuwafunza wengine. Kuhusu waliomfunza, wapo wanaosema ni Wamakonde, na wapo wanaosema ni Wazaramo.

Kutoka kwa mtu mmoja, kazi ikaenea kijijini, kisha mijini. Mwaka wa 1963 wachongaji wa Kikamba waliokuwa Mombasa wakaunda chama chao cha ushirika. Miti ya muhugu na mpingo ilipoanza kuadimika kwa kukatwa, wachongaji wengi waligeukia miti mingine: mwarobaini, jakaranda, na mwembe, mti ambao kila mtoto wa Kithyoko anaujua.

Kwa hivyo twiga huyo ni zao la vita, la safari, la jamii mbili kukutana, la utalii na la misitu kupungua. Umri wake ni wa karne moja hivi. Mutisya Munge tunamjua kwa jina. Je, wale waliomfuata, waliochonga usiku na mchana na kusomesha watoto kwa patasi na tezo, majina yao yako wapi? Kinyago kilifungwa kwenye gazeti, kikatiwa katika sanduku, kikavuka bahari. Chini yake palikuwa na bei. Jina la mchongaji mara nyingi halikuwapo.

Hapo ndipo kazi ya mwanahistoria wa sanaa inapoanzia.

Anasoma nini hasa?

Wengi huchanganya mambo mawili. Mwanafunzi wa sanaa hujifunza kuchora, kuchonga, kufinyanga na kupiga chapa. Mwanafunzi wa historia ya sanaa huenda asiwe hodari wa brashi hata kidogo. Kazi yake ni kutazama, kuuliza, kutafuta ushahidi na kuandika.

Chukua kigoda cha mzee wa Kikamba, kile cha miguu mitatu kilichotiwa nakshi za waya. Mwanafunzi ataanza kwa kukieleza jinsi kilivyo: ni mti gani, nakshi zimepangwaje, mahali gani pamesuguliwa na miaka ya kukaliwa. Kisha atauliza kilitengenezwa lini, na nani, kwa ajili ya nani. Waya ule ulitoka wapi? Nani aliruhusiwa kukikalia? Kilitokaje nyumbani kwa mwenyewe hadi ndani ya kabati la kioo katika jumba la makumbusho? Je, kiliuzwa, kilitolewa zawadi, au kilichukuliwa kwa nguvu? Maswali haya huwa na majibu katika nyaraka, katika picha za zamani, na zaidi ya yote katika vinywa vya wazee.

Anayesomea sanaa ya kisasa huyapeleka maswali hayo hayo kwa kazi za karne ya ishirini hadi leo: picha za rangi, sanamu, picha za kamera, hata kazi zilizotengenezwa kwa vyuma na takataka za mjini.

Walitangulia Makerere

Msomaji asidhani jambo hili ni geni Afrika Mashariki. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, Kampala, mwaka wa 1937, na shule ya sanaa ya chuo hicho ina jina lake. Yeye alitaka wanafunzi wachore maisha yao wenyewe na hadithi za kwao. Alipoondoka mwaka wa 1958, nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd, ambaye alitilia mkazo zaidi historia ya sanaa ya Ulaya na elimu ya rangi. Ubishi huo wa kale, kama mwanafunzi Mwafrika aanze na ya kwao au ya wengine, haujaisha mpaka leo, na kila mwanafunzi wa somo hili atakutana nao darasani.

Kutoka shule hiyo alitoka Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, aliyetengeneza sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka wa 1962. Alitoka Sam Ntiro wa Kilimanjaro, ambaye picha yake moja imehifadhiwa katika Museum of Modern Art, New York, na ambaye Tanganyika ilimtuma London kuwa balozi wake. Alitoka pia Elimo Njau, aliyechora picha za ukutani katika kanisa kuu la Murang'a mwaka wa 1959, akaiweka hadithi ya Kristo katika mandhari ya Mlima Kenya, mahali palipokuwa pangali na majeraha ya hali ya hatari.

Na alitoka Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka wa 1928, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere. Alirudi Kenya akawa mwalimu kwa miaka mingi. Aliporejea katika sanaa hakuwa na pesa za rangi, basi akaanza kukata vipande vya karatasi za sabuni na mifuko ya unga na kuvibandika mpaka vikawa kuku, wanyama na wanakijiji. Alifariki mwaka wa 2021. Ni watoto wangapi wa shule wanaomjua?

Huhitaji kwenda mbali na Kithyoko kuuliza swali kama hilo. Endelea na barabara ile ile ya Garissa na utafika Mwingi, alikozaliwa Kivuthi Mbuno mwaka wa 1947. Alikuwa mpishi katika safari za porini, wala hakusomea uchoraji. Alichora kwa kalamu za rangi watu wa Ukambani na wanyama aliokuwa amewaona, na michoro yake ikaingia katika mkusanyo mkubwa wa sanaa ya Afrika wa Jean Pigozzi huko Ulaya. Mwanafunzi wa Mwingi anayetaka kumsoma vizuri jirani yake huenda akalazimika kutafuta vitabu vilivyochapishwa ng'ambo.

Hatari nyingine ni kupotea kabisa. Mwaka wa 1997 moto uliteketeza Paa ya Paa, kituo cha sanaa ambacho Elimo Njau na wenzake walikianzisha Nairobi mwaka wa 1965. Picha, vitabu na kumbukumbu za miaka mingi ziligeuka majivu. Kituo kilijikokota kikaendelea, lakini kilichoungua bila kunakiliwa mahali popote hakiwezi kurudi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kazi je?

Sasa tumrudie mzee wetu, ambaye bado anangoja kuambiwa mkate utatoka wapi. Tumweleze ukweli. Shahada hii haimwahidi mtu ofisi, na matangazo ya kazi yanayoitaja kwa jina ni nadra. Aidha, katika vyuo vya kwetu, historia ya sanaa aghalabu hufundishwa kama sehemu ya shahada ya sanaa, kwa hivyo binti asichague chuo kwa jina la kozi peke yake. Aulize idara: ni masomo mangapi ya historia yamo ndani yake, nani anayafundisha, na je, wanafunzi hupelekwa makumbusho na nyanjani?

Lakini milango ipo. Kuna makumbusho, nyaraka za taifa, ualimu, uandishi wa habari, uchapishaji, na idara za utamaduni za kaunti. Kuna majumba ya maonyesho yanayohitaji watu wa kupanga kazi, kuandika maelezo na kuthibitisha kwamba picha ni halali kabla haijauzwa. Tangu mwaka wa 2013 Nairobi imekuwa ikishuhudia minada ya sanaa ya Afrika Mashariki, na mwaka wa 2020 mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha taasisi ya sanaa ya kisasa jijini humo. Mwaka wa 2019 sanamu nne za Wangechi Mutu, naye mzaliwa wa Nairobi, ziliwekwa mbele ya jumba la Metropolitan, New York. Kila kazi ya aina hiyo inahitaji mtu wa kuieleza, na mtu huyo anaweza kuwa wa kwetu.

Mtaala mpya wa umilisi nao umeitenga sanaa na michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu, na walimu watahitajika. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye busara huunganisha somo hili na jingine: ualimu, historia, uanahabari, au biashara.

Jaribio la wiki moja

Mzazi, kabla ya kukubali au kukataa, mpe mwanao jaribio dogo lisilogharimu hata shilingi. Mpe daftari na umtume kwa nyanya yake. Aangalie kiondo kimoja tu. Kimesukwa kwa nyuzi za nini? Nyanya alifunzwa na nani kusuka? Rangi zilipatikana wapi kabla ya zile za dukani? Mtindo ule ni wa kwao au aliuona kwa wengine? Kiondo cha kutumia na kiondo cha kuuza hutofautianaje?

Akirudi baada ya saa moja akiwa na sentensi mbili, akasema kiondo ni kizuri na nyanya anakusalimu, basi huenda alivutiwa na jina la kozi tu, na ni afadhali mkajua mapema. Lakini akirudi jioni, daftari limejaa, akataka kwenda kesho Wamunyu kumuuliza mzee fulani jambo ambalo nyanya hakulijua, basi keti naye mhesabu karo, mwulizie habari za mkopo wa serikali, na mzungumze kuhusu chuo.

Na akienda Wamunyu, mwambie asisahau kuandika jina la huyo mzee.